Mama Kutu na Kisu cha Randa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti karibu na redio, na anayeosha vyombo aache kidogo kuvigonganisha. Leo tunamkumbuka Mama Kutu. Mama Kutu, fundi seremala, mnunuzi wa vyombo chakavu, mama wa binti mmoja, dada wa kaka mmoja. Mama Kutu amefariki, na mwezi huu tumemzika.

Nianze na jambo ambalo halisemwi kwenye kipindi kama hiki. Mama Kutu hakuwa mpole. Najua, najua, marehemu hasemwi vibaya. Lakini nikisema alikuwa mpole, mlango wa studio utafunguka sasa hivi na nyundo itatangulia kuingia. Wateja wake aliwafukuza. Majirani aliwanunia. Na kaka yake wa tumbo moja alimchukia mchana kweupe, kwa miaka na miaka, naye kaka mtu akamchukia vilevile bila kupunguza hata chembe. Kipindi cha leo ni cha chuki hiyo. Mwenye moyo mwepesi na abadilishe stesheni.

Baba yao alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chumba kirefu chenye dirisha moja na sakafu iliyojaa maranda. Ndani ya chumba hicho mtoto wa kiume alisimama kwenye benchi la kazi, akafundishwa kupima, kukata na kuranda. Mtoto wa kike aliketi mlangoni na kinoo, akanoa. Baba aliamua hivyo na hakuna aliyemuuliza. "Msichana anoe, mvulana arande." Basi binti akanoa. Alinoa patasi, akanoa tezo ya kuchongea, akanoa kisu cha randa. Akavijua vyombo vya baba yake kwa makali yao, kama mama anavyowajua watoto kwa vilio vyao.

Kati ya vyombo hivyo, kimoja baba alikipenda kuliko vyote. Ilikuwa randa ya chuma. Kishikio chake cha mbele kilipasuka siku moja, baba akachonga kingine kwa mti wa mpera. Alikichonga kwa hasira, kazi ilikuwa inamsubiri, na kikakaa upande. Mkono wa mgeni ungekikataa. Mkono wa baba ulikizoea. Msikilizaji, kumbuka kishikio hicho cha mpera kilichokaa upande. Tutakirudia.

Baba akafariki. Sanduku la vyombo likaenda kwa kaka mtu, lote, kifuniko na kufuli. Dada aliomba patasi moja tu. Kaka akamuuliza, "Utafanyia nini, utakunia nazi?" Watu waliokuwepo wakacheka. Yeye hakucheka. Siku hiyo alinuna kwelikweli.

Haukupita muda, mashine za umeme zikaingia. Kaka mtu akanunua randa ya umeme, msumeno wa umeme, keekee ya umeme ya kutobolea. Karakana ikawa inanguruma tangu asubuhi. Na lile sanduku la baba? Akamwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni. Aliliuza sanduku zima la baba, wala hakumwuliza dada yake.

Dada alijuaje? Nisikilizeni. Alikwenda soko la vikorokoro kutafuta mfuniko wa sufuria. Mnalijua soko la namna hii. Watu wanatandika maturubai chini, na juu ya turubai kuna kila kitu ambacho dunia imekichoka: brashi ya viatu isiyo na nywele, simu isiyo na tumbo, funguo za milango iliyokwisha kubomolewa. Kati ya birika bovu na kichwa cha mwanasesere akaiona tezo ya baba yake.

Mwenye turubai ni mzee mmoja ambaye sokoni anaitwa Turubai, basi, jina na duka ni kitu kimoja. Bado yupo. Nilimfuata nikamwuliza siku hiyo ilikuwaje. "Yule mama alipiga ukelele," aliniambia. "Nikadhani nyoka. Watu wakakimbia. Mimi mwenyewe nilipanda juu ya kiti changu. Kumbe tezo!"

Akainunua. Mfuniko wa sufuria akausahau. Akaenda moja kwa moja kwa kaka yake, tezo mkononi, na jirani waliokuwa nje wakaingia ndani wakafunga milango.

"Vyombo vya baba viko chini kwenye vumbi!" alisema. "Vinakanyagwa na kuku!"

Kaka mtu hakuizima hata mashine. "Ni chuma tu hicho. Siku hizi kuna umeme."

"Na wewe ni nyama tu," dada akajibu. "Subiri bei yako ipande."

Wasikilizaji wapendwa, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho ndani ya nyumba moja. Ya baadaye yote yalifanyika sokoni au langoni.

Tangu siku hiyo Mama Kutu hakukosa soko. Kila Jumapili alfajiri alikuwa wa kwanza kwenye turubai la Turubai. Na jina la Mama Kutu ndipo lilipomwingia, maana alirudi nyumbani vidole vyekundu kama aliyeponda tofali. Hakutafuta vya baba peke yake. Chochote chenye chuma kizuri alikitaka, ila cha baba alikipigania.

Na alijua kutafuta, mtu asiseme alibahatisha. Msumeno aliuinua usawa wa jicho akaangalia mgongo wake kama umenyooka. Uliopinda aliurudisha bila kuuliza bei. Patasi aliigonga kwenye jiwe akasikiliza. Ikilia, chuma kipo. Ikinyamaza, imeungua moto, achana nayo. Kutu hakuiogopa. "Kutu ya juu ni uchafu wa uso," alikuwa akimwambia binti yake. "Kutu yenye vishimo ndiyo ugonjwa. Usoni unanawa. Ugonjwa unazika." Nyumbani alivilaza vyombo kwenye ndoo ya siki, asubuhi akavisugua kwa brashi ya waya, akavipaka mafuta, akavirudisha kwenye kinoo. Mipini iliyooza aliichonga upya kwa mti wa mpera. Kwa mpera tu, hakutaka mti mwingine.

Kisha akaanza kuvitumia. Hapo ndipo vita vilipopamba moto. Yule aliyeambiwa anoe tu, akaanza kutengeneza milango, meza, vitanda. Akafungua karakana yake uani kwake, mtaa wa pili. Haikuwa na umeme hata wa balbu. Umeme ukikatika mtaani, kaka mtu anakaa kwenye benchi anapiga miayo, na kutoka mtaa wa pili anasikia randa ya mkono inaimba, fyuu, fyuu, fyuu. Mteja anasikia pia. Mteja anahama. Nani angependa hali hiyo? Kaka mtu alikuwa akisema kwa watu kwamba dada yake anaranda kwa makusudi. Alisema kweli. Binti wa marehemu amenithibitishia: "Umeme ukikatika, mama aliacha kazi yoyote aliyokuwa nayo akachukua ubao, hata kama hauhitaji kurandwa."

Nadhani kaka mtu alianza kujuta wakati huo. Nasema nadhani, maana yeye hasemi. Lakini Turubai alimwona. "Alianza kuja Jumapili," alisema. "Anajifanya anatafuta nati. Mtu mzima, fundi, anachambua nati saa nzima, jicho liko kwenye randa."

Sasa msikilizaji sikia sheria ya soko lile. Haikuandikwa popote, na hakuna asiyeijua. Kitu kikiwa mkononi mwa mtu, ni chake kwa bei. Mpaka akiweke chini, hakuna mwingine anayeruhusiwa hata kuuliza. Ukimpokonya mtu kitu mkononi, soko zima linakuzomea.

Ikafika Jumapili moja. Juu ya turubai palikuwa na randa iliyofunguliwa. Mwili wake upande huu, kisu chake upande ule, vyote vimevaa kutu. Na kwenye ule mwili, mbele, palikuwa na kishikio cha mpera kilichokaa upande.

Ilikuwa randa ya baba.

Dada alitoka kushoto. Kaka alitoka kulia. Wote wawili waliiona sekunde ile ile. Kaka mtu, mwenye mkono mrefu, akawahi mwili. Dada akawahi kisu, akakifumbata kwenye khanga yake. Kisha wakasimama, ana kwa ana, hakuna anayeweka chini.

"Weka," kaka akasema.

"Weka wewe. Uliiuza."

"Kwa hiyo naikomboa!"

"Huikomboi kwangu."

Turubai aliwabembeleza, akachoka. Jua likapanda. Watu wakaacha biashara zao wakaja kutazama. Mwishowe mzee akasema maneno ambayo, akiyakumbuka leo, anajishika kichwa: "Basi kila mtu alipe alichoshika, muondoke mbele ya turubai langu!" Wakalipa. Wakaondoka, huyu kwa njia hii, yule kwa njia ile.

Kwa wasiojua, randa ina mwili na ina kisu. Mwili bila kisu ni gogo la kuwekea mlango usijifunge. Kisu bila mwili ni kipande cha bati nene. Tuseme tena, ili tusipoteane: kaka alibaki na mwili wa randa ya baba, dada alibaki na kisu. Na kabla ya kuondoka, hapo hapo sokoni, mbele ya mashahidi, kaka mtu alikula kiapo kwamba hataweka mguu ndani ya lango la dada yake mpaka apewe kile kisu.

Mtu mwenye akili angenunua kisu kingine. Vipo vingi, sokoni vinazagaa. Alishauriwa. Aliyemshauri alifukuzwa. "Randa ya baba haivai kisu cha mtu baki," alisema.

Na Mama Kutu alifanya nini na kisu chake? Alichonga mwili wa mti, mnene, mzuri, akakitia kisu ndani kwa kabari, akakitumia. Milango mingi ya mtaa ule imelainishwa na kisu hicho. Mlango wa nyumba yangu ni mmojawapo. Nilipokwenda kuuchukua nilisema unasikika kama unakwaruza kidogo, akanijibu kwamba kinachokwaruza ni masikio yangu.

Basi ikawa desturi ya ndugu hao. Kila Jumapili, baada ya soko, kaka mtu alikuja langoni kwa dada yake. Kwapani amebeba gunia, ndani ya gunia mna mwili wa randa, tayari tayari. Haingii. Anasimama nje, juani, ncha za viatu zimegusa mstari wa lango.

"Kisu!" anaita.

"Hakipo!"

"Nakisikia kinaranda!"

"Basi shiba sauti yake!"

Anatukana, anatukanwa, anaondoka. Mvua ikinyesha anakuja na mwavuli. Alivunjika mguu mwaka mmoja, akaja na magongo. Binti, ambaye ni kinyozi, alikulia katika matusi hayo. Anasema kuna Jumapili mjomba wake alichelewa, na mama hakutulia. Alitoka nje, akarudi. Akachukua nyundo, akaiweka. "Mbona yule mpumbavu hajaja?" aliuliza. "Au amekufa bila kuniambia?"

Kisha Mama Kutu akaugua. Kifua, vumbi la miaka yote hiyo. Alilazwa wodini, kitanda cha karibu na mlango, na hata pale aliwagombeza wauguzi kwa sababu gurudumu la kitanda linapiga kelele na hakuna mwenye bisibisi.

Kaka mtu alikuja hospitali. Wodini hakuingia. Alisimama kwenye ukumbi, na gunia lake kwapani, akamtuma muuguzi: "Mwulize kisu kiko wapi."

Muuguzi, maskini, akaingia akauliza.

"Mwambie atangulie yeye kufa," mgonjwa alisema, "kisha nitamletea mwenyewe."

Muuguzi akatoka na jibu hilo. Kaka mtu akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa alichotegemea, akaketi kwenye benchi la ukumbi mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Kesho yake alikuja tena, akatuma swali lile lile.

Binti akashindwa kuvumilia. Alimwambia mama yake, "Mama, mpe mjomba kisu chake. Unakufa na chuma?"

Hapo Mama Kutu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Nalisema kama binti alivyoniambia.

"Hakiingii."

"Nini hakiingii?"

"Kile kisu. Si cha baba. Kisu cha baba nimekinoa tangu nina meno ya utoto, nakijua upana wake. Hiki ni kipana zaidi. Turubai aliweka tu vyuma viwili pamoja. Jioni ile ile niliyofika nyumbani nilikipima kwa kidole nikajua."

"Sasa mbona hukumwambia? Angenunua kisu kingine, akafanya kazi na randa ya baba yake!"

"Ndiyo maana," mama akasema. "Aliuza sanduku la baba bila kuniuliza. Acha asimame juani." Akavuta pumzi kwa taabu. "Halafu ningemwambia, angekuja tena kufanya nini?"

Siku chache baadaye akafa. Kaka mtu alikuwa ukumbini, kwenye benchi.

Siku ya maziko, lango la Mama Kutu lilikuwa wazi na watu wamejaa uani. Kaka mtu akaja. Ndugu wa pekee wa marehemu, nywele nyeupe, gunia kwapani. Akasimama kwenye mstari wa lango. Wazee wakamsihi aingie. Akasema ana kiapo. Wakamwambia kiapo gani hata msibani. Akasema kiapo ni kiapo.

Binti aliposikia hayo, wasikilizaji wapendwa, damu ya mama yake ikampanda kichwani. Aliinuka kati ya waombolezaji, akaingia karakana, akaigonga kabari ya ile randa ya mti mpaka ikatoka. Akarudi na kisu mkononi, akamtupia mjomba wake miguuni.

"Haya chukua! Umeshinda! Ingia sasa umzike dada yako!"

Kaka mtu akainama polepole. Akakiokota. Akakifuta kwa shati. Kisha, mbele ya watu wote, akaitoa randa kwenye gunia. Haikuwa na kutu hata chembe, imepakwa mafuta, inang'aa, na kile kishikio cha mpera kimekaa upande vilevile. Akakitia kisu.

Hakikuingia.

Akakigeuza. Hakikuingia. Akakaza. Kilizidi kwa upana wa msumari mwembamba tu, na kwa msumari huo kiligoma.

"Si cha baba," binti akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jioni ya siku ile."

Kaka mtu alikitazama kisu. Akalitazama lango. Jirani mmoja aliyekuwa karibu anasema uso wake ulikunjamana, na kilichotoka kinywani kilikuwa neno moja tu: "Mwizi." Alilirudia akilia. "Mwizi. Mwizi mkubwa wewe." Lakini kisu alikuwa amekipata na kiapo kilikuwa kimekwisha. Akavuka lango.

Miguu yake ilimpeleka karakana. Hakuwahi kuingia humo. Na ukutani, kuanzia mlangoni mpaka dirishani, aliliona sanduku zima la baba. Tezo. Patasi, ndogo mpaka kubwa. Keekee. Misumeno. Nyundo yenye kichwa kilichomeguka. Vyote vimenolewa, vyote vina mipini ya mpera. Dada yake alikuwa amevirudisha vyote, kimoja kimoja, Jumapili kwa Jumapili. Katikati palibaki nafasi moja tupu, na chini yake kibao cha kuwekea.

Najua mnachongoja. Mnangoja niseme aliiweka randa pale. Hakuiweka. Aliirudisha ndani ya gunia, akaacha kisu juu ya benchi, akatoka kwenda kumzika dada yake. Kaburini alitupa udongo kama mtu anayempiga mtu.

Jumapili iliyofuata binti alikuwa peke yake karakana, akifagia. Akasikia sauti nje ya lango.

"Vyombo vya baba vitoke!"

Mjomba wake. Na gunia. Lango liko wazi, kiapo hakipo, na bado amesimama nje juani, ncha za viatu kwenye mstari.

Binti anasema alitaka kulia. Kisha akasikia kinywa chake kikijibu chenyewe: "Randa iingie kwanza!"

"Haiingii!"

"Basi haitoki hata patasi!"

Mjomba akatukana, akatukanwa, akaondoka. Jumapili nyingine akarudi. Nilimwuliza binti, kwa nini usimpe mjomba wako vyombo vile, wewe ni kinyozi, patasi utanyolea nani? Alinitazama kwa jicho la mama yake. "Nikimpa," alisema, "nitabaki na nani?" Ila ametoa kigoda kimoja, amekiweka nje ya lango, upande wenye kivuli. Hakumkaribisha. Amekiweka tu. Mjomba alikisema vibaya, kwamba mguu mmoja ni mfupi na aliyekitengeneza hakujua kazi. Aliyekitengeneza ni marehemu. Alikisema vibaya huku amekikalia.

Kwa niaba ya kituo hiki, tunatoa pole kwa binti wa marehemu. Tunatoa pole kwa mzee Turubai, aliyempoteza mteja wa alfajiri. Na kwako kaka mtu, najua redio unayo na najua unanisikiliza umekunja uso, pole baba. Pole sana. Umefiwa kuliko wote.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, sitawaambia mkapatane. Baadhi yenu hamtapatana, mnajijua. Nawaomba jambo dogo zaidi. Kama kuna mtu umemnunia, na kila mmoja wenu amekwisha kumfikiria, Jumapili hii ondoka uende mpaka langoni kwake. Nenda ukagombane naye angali anaweza kujibu.